Programu Isiyojua Alasiri

Alhamisi, baada ya Isha

Kengele yenyewe yalia vizuri, kwa hilo sina neno. Watu wameiomba muda mrefu, na tangu niiweke kwenye programu yangu ya kupanga shughuli, wanaisifu. Lakini Shangazi Zuhura ameacha kuitumia.

Leo nimempitia dukani kwake, Biashara Street, nikamkuta akikunja leso. Nikamwuliza mbona siku hizi haandiki kitu.

"Nimeandika nipeleke leso kwa bibi harusi baada ya Alasiri, yaniambia nitie saa. Saa ya nini, mwanangu? Nikishaswali, naenda."

Nikamweleza kwamba kengele haiwezi kulia bila saa. Akanitazama vile anavyomtazama mteja aliyetaja bei ya dharau.

"Programu yako ile ya kwanza haikuwa na kengele, wala haikunikatalia."

Kisha akanionyesha ncha ya leso aliyojitanda. Amepiga fundo, asisahau. Hiyo ndiyo programu yake sasa.

Nimeudhika njia nzima, kwanza naye, halafu na nafsi yangu. Zamani kwenye programu palikuwa na mstari mtupu, kila mtu akiandika apendavyo. Sasa kila ninachoongeza chataka kujazwa. Nikiiondoa kengele, wengine watanilaumu. Nikiiacha... Na kalenda nayo nishawaahidi kuiongeza.

Tangu nirudi nimekaa mbele ya kompyuta nirekebishe, sijagusa kitu. Nimefungua daftari hili nipumue kidogo, na sasa ndipo naona nilichoandika pale juu.

Mimi pia sikutia saa.