Mama, Uliuliza Ninavaa kwa Ajili ya Nani

Himbi, Goma

Mama mukwe wangu mupendwa,

Ninakusalimu kwa heshima yote, mimi mutoto wako Nshobole. Natumaini barua hii inakukuta na nguvu, na kwamba baridi ya Kibumba haijarudi tena kwenye magoti yako. Je, viazi vimeshika udongo vizuri? Na ile nyumba muliyoirudia kisha maisha ya kambi ya wakimbizi, mabati yake yamepatikana, ao bado munalala chini ya turubai? Sisi huku tunapumua, tunamushukuru Mungu. Bénita anasoma vizuri na amekuwa murefu, anakaribia kunifikia kwenye bega. Landry ameng'oka jino la mbele, anasema atakuletea ulione. Kila mara wananiuliza ni siku gani watakula tena mahindi ya kuchoma kwako.

Neno lako lilinifikia. Wifi yangu Béata, ambaye najua ndiye anayekusomea sasa, alikuwa ameshuka Goma na karoti zake, akaniona kwenye mulango wa shule watoto wanakopata masomo. Nilikuwa nimevaa kikwembe cha manjano chenye maua makubwa, viatu vya juu, na nywele za kununua zikinishuka mugongoni. Alisema nilimuona nikageuza uso. Ni kweli, nilimuona. Kisha ulimutuma aniulize kwa simu: mwanamuke ambaye bwana yake hayupo, anavaa hivyo kwa ajili ya nani? Mama, sikukasirika hata kidogo. Ulikuwa na haki ya kuuliza, ila simu haikufaa kwa jibu lake. Ndiyo maana nimekaa chini kuandika.

Ili unielewe, acha nikueleze kwanza namna sisi wamama wa Himbi tunavyovaa. Wewe ulifika huku mara moja tu, kwa ubatizo wa Landry, ukacheka, ukasema wamama wa huku wanapeleka watoto masomo kama vile wanakwenda kuolewa. Ulisema kweli. Pale mulangoni mutu anaangaliwa miguu kabla ya kusalimiwa. Vumbi ya Goma ni nyeusi, unaijua, na majiwe ya volkano hayana huruma. Kwa hiyo kisigino safi maana yake umeshuka kwenye gari. Wanaotembea kwa miguu wanaficha viatu vizuri ndani ya mufuko, wakifika kwenye kona wanajipangusa na kitambaa chenye maji, wanabadilisha, ndipo wanatokea. Kisha ni kikwembe. Wax ya kweli, kile kitambaa cha bei kali, inajulikana kwa maandishi ya pembeni, na fundi anaombwa asiyakate, ayaache yaonekane kwenye pindo. Kisha ni ufunguo wa gari: unashikwa mukononi, hauingii katika sakoshi. Hata vita ilipoingia muji, magari mengi yakachukuliwa, funguo zilibaki mikononi. Mama Jolie, ambaye ni kama mukubwa wetu pale, bado anauzungusha wake kwenye kidole, na sisi wote tunajua gari lao la jipu lilichukuliwa.

Sitakuficha, Mama, nilikuwa nayapenda mambo hayo. Tulipokaa Katindo, ndani ya kambi ya jeshi, nilivaa kama bibi wengine wa askari, kikwembe kimoja cha kanisa na kingine cha kufulia. Mutoto wako Ferdinand alipopandishwa cheo, ni mimi niliyemusukuma tuhame. Yeye hakutaka. Alisema kambini watu wanajuana, mutu akikosa chumvi anagonga kwa jirani. Mimi nikasema nataka watoto wakue pahali pengine. Tulipofika Himbi nikakuta mabwana wa wenzangu ni watu wa biashara na wa maofisi, nami nikawaambia wangu anauza simenti. Nikamuomba Ferdinand asiingie katika barabara yetu na nguo za jeshi. Alicheka kidogo, akasema, "Sawa, Mama Bénita." Tangu siku ile alikuwa anabadilisha kulekule Katindo, anafika nyumbani na shati la mikono mifupi kama karani. Sijui kama jambo hilo lilimuuma. Sikumuuliza. Sasa ndilo neno linaloniamsha usingizini: kwamba mutu mwenye heshima yake, anayepigiwa saluti na vijana, ilibidi avue heshima hiyo ili aingie kwake.

Asubuhi vita ilipokaribia muji, alikuwa nyumbani. Tulisikia mabomu upande wa Sake, watoto wamejificha chini ya kitanda. Alivaa lile shati, akasema anakwenda Katindo kwa watu wake, atarudi ao atatuma mutu. Mimi nilimushika mukono nikamwambia abaki, kwa sababu hapa hakuna anayemujua. Akaniangalia. Akasema, "Wewe endelea kuwa bibi ya muuza simenti. Ni vizuri hivyo." Nilidhani ananitania kwa uchungu, hata sikumusindikiza mpaka barabarani. Nimekuja kuelewa baadaye kwamba alikuwa ananikinga.

Mimi ndiye niliyekuambia kwamba alivuka ziwa na wenzake na kwamba yuko Kinshasa, simu haipiti. Sikukudanganya, Mama. Watu walisema wengi wamevuka, nami nilishika neno hilo, nikalala nalo na kuamka nalo.

Béata, wifi yangu, simama kusoma kidogo. Funga mulango. Kama kuna mugeni, umuombe arudi siku nyingine. Sogea karibu na Mama, mushike mukono, na wewe pia ujikaze, kwa sababu ni kaka yako. Ndipo uendelee.

Mama, siku moja nikiwa pale kwenye mulango wa masomo, alifika Mama Joviale, jirani yetu wa zamani wa Katindo. Bwana yake na Ferdinand walitumika pamoja. Kikwembe chake kilikuwa kimepauka na miguu yake nyeusi kwa vumbi. Wenzangu walidhani anatafuta kazi ya kufua. Mumoja akamuonyesha kwa kidole aende kuzungumuza na mulinzi. Yeye akaja moja kwa moja kwangu, akainama kama mutu anayeomba, akaninong'oneza.

"Usilie, wanakuangalia," alisema. "Baba Bénita hakuvuka. Bwana yangu amefika Kinshasa, ametuma neno. Alimuona akianguka siku ya kwanza. Walizikwa wengi pamoja, na hakuna anayejua ni wapi."

Nikabaki nimesimama. Mama Jolie akageuka, akanigusa begani, akauliza ni fundi gani aliyenishonea mikono mizuri hivi. Nikamutajia fundi, Mama. Nikamuelekeza na barabara ya kupita. Nikacheka hata. Kisha kengele ikalia, Landry akatoka mbio na kaptula imepasuka, nikamukemea kwa ajili ya kaptula mpaka akalia. Ni yeye peke yake aliyelia siku ile.

Sasa utauliza kwa nini sikuvaa nguo nyeusi kesho yake. Katika barabara yetu kulikuwa na bibi mwingine wa mukubwa wa jeshi. Yeye alivaa. Watu wakauliza bwana yake alikufia wapi na alikuwa nani, jibu likawafikia wale walioshika muji, na haikupita muda nyumba yake ikawa na watu wengine ndani. Yeye na watoto wake sijui wako upande gani. Mujane anaulizwa maswali, lakini bibi ya muuza simenti anaulizwa tu jina la fundi. Kwa hiyo ninavaa manjano, ninavaa nyekundu, ninapaka midomo, na kila asubuhi ninasimama katikati ya wamama wale kama mutu ambaye bwana yake alimuaga jana.

Na zile nywele Béata alizoziona, chini yake hakuna nywele. Mama Joviale alininyoa jikoni kwangu, watoto wakiwa masomo, kama inavyopaswa bwana akifa. Hakukuwa na wifi wa kunishika mabega. Hakukuwa na wimbo. Alininyoa, mimi nikauma kitambaa. Bénita amekwisha kujua. Siku moja nilikuwa ninaosha uso, nywele zile nimeziweka pembeni, akaingia bila kubisha. Alikiangalia kichwa changu. Akarudi nyuma, akafunga dirisha ili jirani asione. Tangu siku ile yeye ndiye anayenifunga kikwembe asubuhi, anakaza vizuri. Landry bado anamuombea Papa safari njema.

Béata, nilipogeuza uso pale mulangoni haikuwa kwa sababu ya karoti zako ao ya viatu vyako. Una macho yake. Ningekuangalia mara ya pili, ningeanguka chini mbele ya wote. Unisamehe.

Na wewe, Mama, unisamehe. Habari ya kifo haitumwi kwa karatasi. Ilibidi nije mwenyewe, nipige magoti mbele yako, niseme nikiangalia chini. Nilichelewa kwa kuogopa, na pia nilikuwa ninangojea mutu aje aseme kwamba bwana ya Mama Joviale alikosea, kwamba aliona mwingine. Hakuna aliyekuja. Ningekuwa na siku moja tu ya kurudishiwa, nisingemuomba abaki. Ningemuacha apite barabara yote ya Himbi na nguo zake za jeshi, muchana, nikiwa pembeni yake, na Mama Jolie aangalie anavyotaka.

Likizo ikifunguliwa nitapanda Kibumba na watoto. Wenzangu nimewaambia tunakwenda kupumuzika. Nguo nyeusi ziko tayari chini ya begi, nitazivaa nikifika kwako. Nakuomba usinitolee kiti cha mugeni. Unipe nafasi chini, kwenye mukeka, karibu na wewe. Hapa Goma aliishi kama muuza simenti na akafa kama askari, na yote mawili yananifunga kinywa. Huko kwako atakuwa tu mutoto wako, na kila jirani anajua jina lake. Sijalia kwa sauti bado, Mama. Nimekungojea wewe.

Musalimie Baba Muzee wa kanisa, lakini umuombe asitangaze kitu mpaka tufike. Watoto wanakukumbatia. Mukimaliza kusoma, muiweke karatasi hii motoni. Mungu akushike leo, na Béata akushike pamoja naye.

Ni mimi, mutoto wako,

Nshobole, Mama Bénita,
mujane wa Ferdinand. Ni mara ya kwanza ninaandika hivyo.