Joto la Ndani ya Sayari Yetu

Wakesho, rafiki yangu,

Niko Voi, kwa mama, chumba cha nyuma ya duka. Nimekunywa chai, nimeoga, nimejibu barua pepe. Watu wanasema najikaza vizuri. Sijikazi. Sisikii kitu.

Tulikuzika kwenu Werugha kwenye ukungu mzito, hata waliosimama ng'ambo ya kaburi sikuwatambua. Walisema ni homa ya mapafu. Wewe uliniambia ni kikohozi tu, utarudi chuoni Jumatatu. Niliimba nyimbo zote mpaka mwisho, kisha nikaosha sahani na shangazi zako. Niliziosha vizuri sana.

Mamako aliniita jikoni. "Mueni, hii kazi yenu, mwanangu alikuwa anafanya nini hasa?"

Nikamweleza kama ulivyokuwa ukiwaeleza watu. Kuna sayari kubwa mno, mbali, inazunguka nyota yake, si jua letu. Haina ardhi ya kukanyaga. Ni gesi, na kadiri unavyoshuka ndivyo inavyobanwa na kupata moto. Hatuwezi kufika, kwa hivyo tunaijenga kwa hesabu ndani ya kompyuta. Mimi nashughulikia hewa ya juu, Wakesho ndani.

Akasukuma kuni. "Na alikuwa amemaliza?"

"Bado, mama."

"Basi usiwape watu wengine."

Kwa hivyo Profesa wetu alipotaka sehemu yako apewe mwanafunzi mpya, nilikataa. Nimeshinda kwenye hesabu zako wiki baada ya wiki, nikila nikikumbuka. Unajua tulivyobishana pale kwenye ngazi za maabara, huku unamaliza mahindi yangu? Darubini ilionyesha gesi ya methani kidogo kuliko tulivyotarajia. Mimi nilishikilia ni mawingu yanaificha. Ukaniambia, "Wewe unaangalia juu tu. Hiyo kitu inachemka ndani."

Jana niliweka joto lako, lile kali tuliloogopa kumwonyesha Profesa. Gesi ya chini, ambako moto huvunja methani, ikapanda, na methani ya juu ikapungua. Sayari yenyewe ikavimba mpaka ikafikia ukubwa uliopimwa. Mstari wetu kwenye mchoro ukapita katikati ya vipimo, safi. Ulikuwa umepatia, Wakesho.

Nikachukua simu nikakupigia. Sikufikiria. Mkono ulienda wenyewe.

Mamako akapokea. Kumbe bado anaichaji simu yako.

"Mama," nikasema, "ilikuwa ndani. Wakesho alipatia."

Sidhani alielewa. Alisema, "Asante, mwanangu." Nilisikia ng'ombe wenu akilia. Hakuna aliyetaka kukata.

Tutaichapisha, na jina lako litatangulia langu. Krismasi nitapanda Werugha na ule mchoro, nikae na mamako jikoni nimweleze tena, polepole, mpaka aelewe ulichokiona. Kama nitalia, sijui. Lakini nitakuja.

Pumzika, dada yangu.

Mueni