Kipande cha Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Bi Miwani kanunua riwaya nyingine kwa muuza vitabu chakavu, na Ijumaa iliyopita kaikata vipande vitatu kwa mkasi wake wa kushonea mashuka yaliyochanika. Kila kipande kakipiga uzi. Ndiyo desturi yetu hapa chumba cha kufulia cha hoteli: kitabu kimoja, wasomaji watatu. Yeye kwanza kwa ukubwa wake, kisha mimi, kisha Mama Pacha. Mashine zinanguruma kutwa, kuongea ni kupasuana koo tu, kwa hiyo maoni tunayaandika pembeni mwa kurasa, kwa penseli. Mwisho kipande kinanirudia nisome majibu.

Cha kwanza nimekimaliza jioni. Mwandishi anajua kuandika, sikatai. Lakini huyo mke wa seremala! Anapigwa ukurasa wa kumi, anapigwa wa ishirini na mbili, na bado anapika. Nimeandika pembeni: "Kichwa maji! Mimi ningeshatoka na begi siku ile ile." Nikapiga mstari chini. Mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi

Kipande kimerudi. Chini ya maneno yangu Mama Pacha kajibu, kwa ule mwandiko wake mdogo: "Na begi aende nalo wapi?" Nimecheka. Nimemjibu: "Popote! Dunia pana." Huyu naye kwa kutetea wajinga!

Leo kachelewa tena, na tena kaja na ndala. Wiki ya tatu hii. Nimemwita Bi Ndala mbele ya wote, hata msimamizi kacheka. Yeye pia kacheka, kidogo.

Jumapili, 9 Machi

Sinema na mama, hapa nyumbani. Mke kachoka na mumewe, kashuka ngazi na sanduku jekundu, teksi inamsubiri, muziki juu. Mama kapiga makofi. Mimi sijui nimeingiwa na nini. Nimekaa najiuliza teksi hiyo kaiita saa ngapi, na kwa simu ya nani? Na watoto je? Sinema nzima watoto hawajasikia njaa hata mara moja. Mama anasema nimeanza kuzeeka, kila kitu nakitafutia kasoro.

Jumanne, 11 Machi

Kipande cha pili kimenirudia. Ukurasa wa tisini na moja Mama Pacha kaandika: "Na asubuhi anamfichia viatu, ili achelewe, afukuzwe kazi."

Viatu? Sikumbuki viatu. Nimesoma sura upya, kisha kipande kizima, mstari kwa mstari, nimesimama kwenye pasi hadi nikaunguza foronya. Seremala anapiga, anatukana, anakunywa. Viatu hafichi. Hakuna viatu popote katika kitabu hiki.

Ndala.

Mungu wangu. Bi Ndala! Mimi na mdomo wangu. Na lile "kichwa maji" kalisoma, tena nimelipigia mstari.

Redioni wakaweka ule wimbo wa vumilia-mpenzi-vumilia, ambao mwaka mzima nimeuimba nikinyoosha mashuka. Leo umenichefua. Nimekwenda kuuzima, wenzangu wakabaki kunishangaa.

Jumatano, 12 Machi

Nimejaribu. Wakati wa chai nimemuuliza kama nyumbani salama. Salama tu, kasema, ila pacha wana mafua. Kisha kaniuliza kipande cha tatu nimefika wapi, je, huyo mke anaondoka? Sikuweza kumtazama. Nimesema bado nasoma.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemaliza. Anabaki! Kurasa mia mbili na zaidi, halafu anabaki, anafagia uwanja, jua linazama, basi. Bi Miwani kaandika chini: "Ndivyo dunia ilivyo." Labda. Lakini nimemchukia mwandishi huyu kwa hasira ya kweli, maana anayefuata kusoma ni Mama Pacha.

Nilitaka kuuchana ukurasa. Badala yake nimeandika kwenye nafasi tupu: "Uliuliza aende nalo wapi. Kwa mama yangu. Geti la bluu, nyuma ya kiwanda cha magodoro. Kutwa yupo. Njoo na pacha." Mama nilikuwa nimeshamwambia. Kasema chumba cha cherehani kipo, atatandika. Hakuuliza swali la pili.

Nimempa Mama Pacha wakati wa kutoka. Kakitia kwenye mkoba, kaniaga kama siku zote.

Jumamosi, 15 Machi

Nimeamka na wazo moja: mkoba ule unalala nyumbani kwake. Mumewe ana macho. Anajua kusoma! Tumezoea kuandika pembeni kana kwamba duniani tuko watatu tu. Na mimi nimetaja geti, rangi, kiwanda — nimemchorea ramani! Simu ya Mama Pacha haipatikani. Kwake sipajui. Miaka minne tuko meza moja, sijawahi hata kuuliza.

Jumatatu, 17 Machi

Mama Pacha hajaja. Bi Miwani nimemweleza yote, kimya kimya, tukikunja mataulo.

Saa nne mlinzi kaingia: kuna mwanamume nje, mpole, ana kitabu kilichokatwa, anataka kumkabidhi mwenyewe. Bi Miwani kavua miwani, kaifuta, kasema kitabu ni chake na mwandiko wote ni wake, akatoka.

Karudi na kipande. Mwanamume kauliza tu kama mkewe yuko kazini. Kaambiwa hayupo. Kashukuru, kapanda pikipiki, kaondoka.

Nimefungua mwisho. Ukurasa wangu haupo. Umechanwa, uzi unaning'inia.

Kauchana nani? Mama Pacha mwenyewe, ili aje nao kwetu? Au mumewe? Nimempigia mama mara tatu, hapokei. Nimejifungia stoo ya mataulo, naandika nikisubiri apokee.

Mama anapiga!

Alikuwa anaanua nguo. Anasema kuna mtu anagonga geti, hajibu akiulizwa nani, je, afungue? Nimemwambia asifungue. Ainame kwanza, achungulie pale chini ya geti, aniambie huyo mtu kavaa nini miguuni.

Ngoja, kasema, magoti yenyewe haya. Simu iko begani. Namsikia anavyohema, anainama.