Kiwanja cha Kona

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kupaka unaipaka, au umeificha kabatini ukisema inanuka? Sisi huku wazima. Mjukuu wako anaota meno, kwa hiyo yeye halali na mimi silali; anayekoroma humu ndani ni mkweo peke yake. Nimeamua kuandika, sikupigi simu, kwa sababu najua ukiyasikia haya nusu utanikatia. Soma mpaka mwisho, na usome umekaa.

Ulinituma nikatoe jina la marehemu baba kwenye hati ya nyumba na kuandikisha lako. Nilienda Jumatano ya wiki iliyopita, mtoto mgongoni, hati na karatasi za mirathi ndani ya bahasha. Nilidhani ni kupigiwa muhuri na kurudi kupika. Karani wa ofisi ya ardhi, mama mmoja mwenye miwani iliyofungwa kamba, akaniambia bado, kwanza tupekue daftari. Nikamwuliza tunapekua nini na hati ninayo mkononi. Akasema, binti, hiyo ni kama picha ya mtu tu, mtu mwenyewe yumo humu, akagonga daftari kwa kidole.

Mama, nilisahau uchovu. Kila kiwanja kina ukurasa wake. Mahali pa kwanza pameandikwa kiko wapi na kina ukubwa gani. Chini yake nani mwenyewe, na kabla yake nani, mpaka wa mwanzo kabisa. Kisha kama kimewekwa rehani, kina kesi, au kuna mtu aliyeweka zuio kisiuzwe. Nilimwona baba pale, majina yake yote matatu, mwaka ule ule niliozaliwa. Hakuna rehani, hakuna kesi. Nikauliza maswali mpaka foleni nyuma yangu ikaanza kuguna. Baba mmoja akataka kujua kama nimekuja kusoma shule. Nikamwambia ndiyo, na leo ndiyo siku ya kwanza, anivumilie.

Basi kiherehere changu kikanituma niombe na ramani. Karani akaweka kidole kwenye namba iliyo kwenye hati yetu, 41. Nikatazama, nikapinda shingo, nikatazama tena. Namba 41 ni kiwanja cha kona, chenye barabara pande mbili. Nyumba yetu haiko kwenye kona, mama. Kwenye kona anakaa jirani yako, yule mama fundi cherehani. Sisi tumejenga kwenye 42, na ukurasa wa 42 una jina la fundi.

Karani hakushtuka hata kidogo. Alisema viwanja vile viligawiwa siku moja, vigingi vya mpimaji vikang'olewa, watu wakaonyeshwa kwa kidole tu, wewe pale, wewe pale. Baba na fundi walionyeshwa kinyume, kila mmoja akajenga kwa mwenzake, na hakuna aliyewahi kuifunua ramani. Nikamwuliza sasa nyumba ya mama ni ya nani. Akasema kwa daftari, ardhi iliyo chini yake ni ya fundi, na iliyo chini ya nyumba ya fundi ni ya baba. Mkikubaliana, mnakuja wote wawili mbele ya msajili, mnasaini kubadilishana. Msipokubaliana ni mahakamani, na huko mtazeekea.

Miaka sita hujampa fundi salamu. Umemwita mwizi wa ardhi mbele ya wateja wake, kisa ukuta wake umeingia kwetu hatua moja. Hatua moja, mama!

Sasa nikwambie langu. Nilikaa na jambo hili siku tatu bila kumwambia mtu, hata mkweo. Na si hofu iliyonikalisha. Niliipenda ile kona. Ni kubwa kuliko kwetu, inatosha fremu mbili za duka, na daftari linasema ni ya baba. Nilikwishajiona nauza mle ndani, na fundi nimemwondoa kwenda sijui wapi. Siku ya nne, nikiwa nafua, nikajiuliza kama yeye ndiye angepekua kwanza, akaja mlangoni kwako na karatasi, ningemwitaje. Jina nilikuwa nalo tayari, nimelisikia kwako miaka sita.

Nikaziacha nguo kwenye beseni, nikapanda gari na mtoto. Nilikuja mtaani kwako, mama, nikapita uchochoro wa nyuma usinione, nikaingia kwa fundi kabla ya kuingia kwako. Nisamehe kwa ile tamaa. Kwa kwenda kwake siombi msamaha, maana ningekuambia kwanza ungenikataza.

Alitoa hati yake kwenye droo ya cherehani, akailinganisha na hati yetu na nakala ya ramani niliyopewa na karani. Halafu akacheka mpaka mtoto akaamka, akasema kumbe miaka yote hiyo mama yako ananitukana amekaa chumbani kwangu! Nikamwomba asaini. Akasema atasaini, naye ana nyumba ya kuokoa, lakini hasaini kwa kuletewa mtoto. Anataka wewe uingie kwake, mlango wa mbele, umsalimie. Nikauliza ni hilo tu? Akasema ni hilo tu, na nisilione dogo.

Msajili ametupa Jumanne saa tatu asubuhi. Nitafika Jumatatu mchana. Utasema nimekuuza kwa jirani, utasema na mengine; yaseme yote kwangu, mimi mwanao nimeyazoea. Lakini ukishavuka kizingiti chake, anza wewe. Usingoje akuamkie. Ukuta usiutaje.

Mjukuu wako ameitafuna karatasi hii pembeni, usidhani ni panya. Mkweo anakuamkia. Salamu zote za huku nimekufungia humu, ila ile ya kwako kwa fundi, mama, siwezi kukupelekea.

Mimi mwanao,
Kitindamimba