Mpaka Haupandwi na Mtu Mmoja

Aline, mjukuu wangu,

Huku Gisenyi tu wazima. Shangazi yako amejifungua salama, na mtoto analia kama babu yake anavyoimba kanisani. Unaniuliza kutoka shuleni Butare nani ana haki: wanaolima ukingoni mwa msitu au wanaoulinda. Umeniuliza mimi, niliyeshindwa hata kulinda kuku!

Nilipokuwa kijana kule Mudende, mlinzi wa msitu alipigilia vigingi vya mpaka wa msitu peke yake katikati ya shamba la viazi la mama yangu. Majirani wakaving'oa. Aliporudi amefura, mama alikuwa akimngoja na miche ya ua, ile tunayopanda kutenganisha mashamba.

"We bwana, kwetu mutu mumoja hapandi mpaka. Shika jembe."

"Mi niko mutu wa serikali, mama!"

"Bon, serikali haina mikono?"

Watu wakaangua kicheko, naye akashika jembe. Walibishana tuta kwa tuta mpaka jua likageuka. Mimi nilibeba maji ya miche, nusu nikaimwagia miguu yangu. Mama akapoteza matuta ya juu, yale ya upande wa msitu, akanuna njia nzima kurudi nyumbani.

Lakini miche ile hakuna aliyeigusa. Msimu wa mvua uliofuata, nyati aliteremka kutoka msituni, na tukamsikia mlinzi akipiga kelele mlimani: "Mama! Kimbia uje, anakula viazi vyetu!"

Vyetu, alisema.

Kula vizuri, mjukuu.

Babu yako