Barua Moja Kwenye Seva ya Kushoto

Jumatatu, 8 Machi 2004
Nimefungua ofisi saa moja na nusu. Baridi. Ukungu mpaka mlangoni. Seva ya kulia nzima. Ya kushoto imeandika makosa kumi na saba ya diski. Wiki jana yalikuwa matatu.

Mashine hizi mbili zinabeba pamoja tovuti yetu ya barua pepe. Mteja akiingia hupelekwa kwenye mojawapo, na hubaki humo mpaka atoke. Mzee Kasian ndiye aliyezipanga hivyo, mwaka aliopunguzwa kazi serikalini, meneja akamchukua. Mimi alinikuta najua kupiga chapa tu. Mengine yote kanifundisha yeye.

Sasa yuko hospitali, wiki ya tatu. Ini. Daktari hasemi mengi. Nachukia kufanya kazi hii peke yangu.

Jumanne, 9 Machi
Nimepiga simu Mbeya. Diski mpya itakuja na basi kesho, barabara ikiruhusu. Meneja anataka kazi iishe kabla ya Ijumaa, siku ambayo wafanyabiashara wa mahindi wa Muze na Ilemba hupanda mjini kutuma oda zao. Amesema mteja yeyote asijue kwamba kuna mashine iliyozimwa.

Jioni nimepita hospitali. Nimemsomea Mzee hatua nilizoandika. Alisikiliza amefumba macho. Akasahihisha moja: nisizime mpaka mteja wa mwisho atoke mwenyewe. Barua inayoandikwa, kabla haijatumwa, imo ndani ya mashine hiyo tu. Ukizima, imepotea.

Mikono yake imekuwa ya njano. Nimelia njiani.

Jumatano, 10 Machi
Basi limekwama kwenye tope. Makosa arobaini. Naogopa.

Alhamisi, 11 Machi
Diski imefika saa nne. Saa sita nimeifungia seva ya kushoto wateja wapya, wote wanakwenda kulia. Waliokuwamo tayari walikuwa ishirini na wawili. Nikakaa kuwatazama wanavyopungua. Saa saba, kumi na mmoja. Saa nane, watatu. Saa nane na nusu, mmoja.

Saa tisa, yule yule mmoja. Diski ilikuwa imeanza kukwaruza, naisikia.

Meneja akaja kusimama nyuma yangu. Mtu mmoja tu, akasema, kata. Nikaangalia anatumia kompyuta gani. Ya ofisi ya matroni, hospitali. Nikaomba robo saa, nikakimbia.

Nilimkuta Mzee Kasian kwenye kiti cha magurudumu, blanketi mabegani, anabonyeza herufi kwa kidole kimoja. Matroni akanong'ona kwamba yuko hapo tangu saa tano na amekataa kula. Nikamwamkia. Alijua kilichonileta kabla sijasema.

"Ni mimi niliyebaki?"

"Ni wewe, Mzee."

Nikamwuliza anamwandikia nani. Binti yake, Gaudensia. Alitoka utawani miaka miwili iliyopita, na Mzee akamwambia asikanyage tena nyumbani. Tangu hapo hawajaandikiana. Yuko Dar, anashona nguo.

Nikamwambia atume hayo aliyokwisha kuandika, mengine aandike kesho. Akatikisa kichwa.

"Bado sijafika kwenye neno lenyewe."

Nikamwambia amalize, mashine itangoja. Nilimdanganya. Sikujua kama itangoja. Matroni akaniruhusu simu, nikampigia meneja kumwambia kwamba sikati. Alikasirika sana. Ikifa na mteja ndani, akasema, ni juu yangu. Nikakubali.

Saa kumi na dakika ishirini akabonyeza kutuma. Mkono ukamwangukia mapajani. Nikarudi mbio. Seva ya kushoto haikuwa na mtu. Nikazima.

Ijumaa, 12 Machi
Zote mbili zinafanya kazi. Wafanyabiashara wamekuja, wametuma, wameondoka. Hakuna aliyejua lolote. Meneja hanisemeshi.

Jumapili, 14 Machi
Nimepita ofisini baada ya kanisa. Jibu la Gaudensia limefika, amelituma kwa anwani ya ofisi ili lisomwe haraka. Nimeliprinti na kumpelekea. Hakuweza kusoma, nikamsomea.

"Baba, nimesoma yote. Kesho alfajiri napanda basi. Ningoje."

Akaniomba nirudie. Nikarudia. Akachukua karatasi, akaiingiza ndani ya shati. 

Jumanne, 16 Machi
Mzee Kasian amefariki saa mbili asubuhi.

Binti yuko njiani, labda ndiyo kwanza anapita Tunduma. Hakuna namna ya kumpata. Nimekaa mbele ya kompyuta siku nzima bila kufanya chochote. Nina hasira na sijui ni na nani.

Jumatano, 17 Machi
Basi limeingia saa tano. Sijawahi kumwona Gaudensia, lakini nilimtambua, ana paji la uso la baba yake. Aliuliza kama mimi ndiye Tusekile aliyetajwa kwenye barua. Kisha akaona kitambaa cheusi kichwani mwangu. Akakalia begi lake pale pale stendi, kwenye maji ya mvua.

Tunazika kesho Ilemba, kwao Mzee.

Jumatatu, 22 Machi
Makosa, sifuri. Jua limetoka kidogo.

Gaudensia amekuja mchana. Amesema kule Dar alikuwa amelipia intaneti ya nusu saa tu, aliisoma barua mara moja, muda ukaisha. Anataka kuisoma tena. Nikamfungulia ukurasa, akaingia mwenyewe kwa jina lake. Nikamprintia. Kurasa nne.

Akaniuliza kama nimewahi kuisoma. Nikamwambia hapana. Ni kweli, sijawahi.

Akaenda kukaa kwenye benchi la wateja, karibu na dirisha. Alisoma ukurasa wa kwanza muda mrefu.

Saa kumi na moja meneja akachukua funguo, akanitazama. Nikamwambia aniachie, yeye atangulie. Akamtazama binti. Akaziweka mezani, akatoka polepole.