Vipande Vinne Ndani ya Resini

Jumatatu, 4 Machi
Ifahamike kwa wote wanaohusika — yaani mimi — kwamba kikombe changu cha chai kimeondolewa rasmi kwenye meza ya dirishani, kilikokaa miaka tisa. Hakikupewa hata barua. Mahali pake imewekwa mashine.

Kazi yangu hapa maabara ni kuosha vyupa. Kuchungulia nimejiongezea mwenyewe.

Mashine inafanya kazi ya Mzee Matone, fundi wetu: kukausha vipande vya nyama ya wagonjwa kwa pombe kali ya maabara, kisha kuvinywesha resini mpaka igande kama kioo, ndipo vikatwe vyembamba vya kuonekana kwenye hadubini. Yeye huchukua siku tatu. Mashine — asubuhi mpaka saa kumi! Mzee kaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kama mama mkwe aliyeingia jikoni kwa mwanawe. Haina pua, akasema. Itajuaje resini imeharibika?

Jumanne, 5 Machi
Nimeitazama. Kimkono kinashuka, kinazamisha vikapu vyenye vipande, kinavipandisha, kinasubiri tone la mwisho lianguke — kinasubiri kweli! — ndipo kinahamia chupa inayofuata. Vyupa vyote nilivyoosha maishani, sijawahi kusubiri tone la mwisho. Nimeona haya.

Kilichoingia kama punje ya mchele kikatoka ndani ya kito cha rangi ya asali. Nikakiinua kwenye mwanga. Mtu mzima nikasahau kufunga bomba!

Kila kikapu kina kikaratasi cha jina, na huandikwa kwa penseli tu. Mzee Matone hachoki kukumbusha: "Wino ukionja pombe unasahau hata jina la mama yake."

Jumatano, 6 Machi
Kaka kapiga simu. Wifi kachomwa sindano ya figo, kipande kinakuja kwetu kesho. Bila majibu hawajui wampe dawa ipi, na miguu imevimba haiingii hata kwenye ndala. Wifi akampokonya simu.

"Wifi, ukikiona kipande changu kisalimie. Kiambie kisije kikanisema vibaya!"

Nikacheka. Kisha nikakaa kitako.

Alhamisi, 7 Machi
Mzee Matone kaenda kliniki ya macho. Daktari, mkuu wetu wa maabara, kaamua kuiwasha mashine mwenyewe. Wagonjwa wanne, figo tupu. Kaandika majina, katumbukiza vikaratasi, kapanga vikapu kimoja juu ya kingine, haraka haraka, simu imebanwa begani.

Kwa kalamu ya wino.

Niliona. Nikafungua mdomo.

Daktari akaniwahi: "Mama Vyupa, leo utaona maajabu!"

Nikaufunga. Nikajiambia, mashine inayosubiri tone la mwisho itashindwaje kuujua wino? Kimkono kikashuka. Uzuri ule ule. Nilisimama pale mpaka chai ikapoa.

Ijumaa, 8 Machi
Resini imeganda. Vito vinne, hakuna povu, hakuna ufa. Mzee Matone kavishika kimoja kimoja, na miwani yake mipya, akasema miaka yote hajatoa kazi safi hivi. Alisema hivyo polepole, kama mtu anayevua kofia.

Kisha akauliza kipi ni cha nani.

Vikaratasi ndani ni vyeupe. Vyote vinne.

"Vikapu ulivipangaje?"

Daktari kaigeukia mashine, kana kwamba itamsaidia. Cha chini ni cha yule mama... au cha yule dereva. Hana hakika. Cha wifi? Katikati, labda. Akauliza kama watu hawa wanaweza kuchomwa tena. Mzee alikuwa bado anavigeuza kwenye mwanga, na vilikuwa vinang'aa, sijui niseme nini, vilikuwa vinang'aa kweli.

Kaka anapiga. Mara ya pili hii. Nimeingiza mkono mfukoni kutoa simu, ikatoka pamoja na penseli.

Ilikuwemo jana pia.